Bumu la siku 60, kodi ya miezi sita: mnapangaje?

Mgeni wa Changanyikeni
Wakuu, habari za jioni. Naingia mwaka wa pili UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), hosteli nimekosa. Kuna chumba Changanyikeni, 70,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Bumu langu (hela ya kujikimu toka Bodi ya Mikopo) ni 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa awamu ya siku 60. Nikitoa 420,000 nabaki na 180,000, elfu tatu kwa siku, na dalali bado hajachukua chake.

Mhasibu wa Geto
Kodi haina likizo, bumu linayo. Awamu ni nne, siku 240, ila chumba unakilipia mwaka mzima. Anza na hesabu ya mwaka: 2,400,000 toa 840,000, inabaki 1,560,000. Gawa kwa 240, unapata 6,500 ya kula, nauli, umeme na bando.

Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu mitatu. Awamu nne mara miezi mitatu ni mwaka kamili, na kila awamu inakuachia 390,000. Hiyo usiigawe kwa 60, igawe kwa 70, maana bumu huchelewa na tumbo halijui kusaini. Itakuja kama 5,570 kwa siku.

Akigoma, tafuta mwenza. Mkiwa wawili miezi sita ni 210,000 kila mmoja, hesabu inarudi palepale. Majina yote mawili yaingie kwenye mkataba, la sivyo mwenzio akiahirisha mwaka unabaki na deni la chumba kizima.

Mama Kijacho
Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo andaa 70,000 nyingine. Na kodi usimkabidhi yeye. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani, mkataba usainiwe hapo.

Mgeni wa Changanyikeni
Asanteni. Mwenye nyumba anasema umeme ni elfu tano kwa kichwa kila mwezi. Ni sawa?

Fundi Luku
Omba kwanza risiti ya mwisho ya luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Chukua hela iliyolipwa gawa kwa uniti. Ikija kama 122, nyumba iko kwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na elfu kumi inaleta karibu uniti 82. Ikija kama 356, elfu kumi hiyohiyo inaleta 28 tu. Nyumba za wapangaji sita wenye friji karibu zote ziko huku kwa pili.

Sasa pima: jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja limekula uniti moja. Mkichanga sawa kwa kichwa, wewe mwenye taa na chaji ya simu unampikia jirani maharage. Dai mita ndogo ya chumba, au mwenye koili aongeze. Tena ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Wekeni zamu, asiumie mmoja kila mwezi.

Mama Kijacho
Siku bumu linaingia, kabla ya kiatu, nunua chakula cha siku 60: mchele kilo 12, maharage kilo 6, mafuta lita 3. Sokoni Tandale nafaka ni nafuu kuliko duka la mtaani. Unga nunua kilo tano tano, ukikaa sana unaingia wadudu. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Maharage loweka usiku kucha, gesi itadumu. Huna friji, kwa hiyo chemsha nusu kilo tu, uyapashe asubuhi na jioni mpaka yachemke, vinginevyo kesho yamechacha.

Mhasibu wa Geto
Nyongeza: kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, usiiguse hata bumu likichelewa. Ukichukua 50,000 urudishe 65,000 baada ya wiki mbili, hiyo 15,000 inatoka kwenye awamu ijayo, na awamu ijayo utakopa mapema zaidi. Bora uongee na mwenye duka akuandike kwenye daftari.