Marudio ya mgodi wa zamani hayaoti hata nyasi, taka za kiwanda zinasaidia?

Mwana_Mwalo: Wakuu habari. Huku kwetu Geita kuna eneo walikuwa wanachenjua dhahabu zamani, wenyewe wameshasepa wameacha vilima vya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, nyasi haioti na mvua ikinyesha maji yanatoka pale chini yana rangi ya kutu, ng'ombe wanakunywa humo humo. Jamaa kaniambia nchi za wenzetu wanamwaga majivu ya kiwandani na tope la majitaka ardhi inarudi. Kweli, au ni sumu juu ya sumu?

Fundi Chokaa: Kweli mkuu. Kule Palmerton, Pennsylvania, Marekani, walikuwa wanayeyusha zinki toka 1898 mpaka 1980, moshi ukaua miti ya mlima pale juu, udongo ukajaa zinki, kadimiamu na risasi. Miaka ya 90 wakachanganya tope la majitaka, majivu ya makaa ya mawe na chokaa, wakarusha na mbegu, nyasi zikashika. Hiyo kutu yako nahisi ni asidi, mawe yenye salfa yakipata hewa na maji yanatoa asidi, nayo inayeyusha metali. Chokaa inaizima, metali zinaganda, tope linaleta mboji.

binti_kasese: Hata jirani hapa Uganda ipo. Kilembe walisimama kuchimba shaba 1982, rundo la pairaiti (mawe ya chuma na salfa) likabaki Kasese linatiririsha asidi mpaka ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, mimea ikafa njia nzima kuelekea Ziwa George. 1999 kikaanza kiwanda kinachotumia bakteria kulitafuna rundo lenyewe wakapata kobalti, metali iliyokuwa ndani yake. Ila kuondoa rundo hakutoi metali zilizokwishazama kwenye udongo.

Mzee wa Maabara: Kijana usimwage kitu kabla hujapima. Mawe ya dhahabu mara nyingi yana aseniki, ambayo ni sumu, na aseniki ukiizidishia chokaa au fosfeti inaachia inaingia kwenye maji, yaani kinachotuliza metali ya risasi kinaamsha aseniki. Zebaki nayo chokaa haiiondoi. Na majivu ya makaa yana aseniki na boroni yake, nayo yapimwe.

Mwana_Mwalo: Asante sana mzee wangu. Napimia wapi?

Mzee wa Maabara: Mkemia Mkuu ana ofisi Mwanza, waulize taratibu za sampuli, wape na ya maji. Majibu yakiruhusu jaribu kipande kidogo kwanza, chokaa na maganda ya kahawa au tope la kiwanda cha sukari, panda nyasi tu, mchicha hapana. Na ng'ombe watoeni kwenye hayo maji leo leo.