Naomba ushauri: ramani ya miamba bila kuanika siri za wavuvi
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Kigombe, Tanga, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Kikundi chetu cha ufukwe kinataka ramani ya mikoko, nyasi bahari na matumbawe, tujue mwamba upi tuufunge kwa muda pweza wakue. Mikoko haina shida: maji ya bamvua yakitoka natembea na simu, napiga alama za GPS. Kazi iko miamba ya nje. Wazee wanaipata kwa kuangalia mnazi na kilima cha nchi kavu vikikaa mstari mmoja, ila mmoja kaniambia, "Nikuchoree mwamba wangu, kesho nikute ngalawa kumi?" (Hata mimi ningekataa.) Waliofanya kazi hii, mlionyeshaje eneo bila kumwanika mtu? Na programu ipi ya bure haihitaji bando ukiwa majini?