Pezi moja, mapezi mawili au kamba: pumzi moja inafika mbali zaidi kwa kipi?

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Kila nikikaa na wazamiaji wa kubana pumzi nasikia wimbo uleule: lile pezi moja pana, la mkia wa pomboo, ndilo mwisho wa mambo. Kwa kasi sibishi. Kwa ufanisi nina shaka, na shaka yenyewe nimeitoa kwenye rekodi zao.

Mwaka 2018, pale Dean's Blue Hole, shimo refu la bahari huko Bahamas, Mrusi Alexey Molchanov alishuka mita 130 kwa pezi moja. Mashindano hayohayo alishuka mita 125 bila pezi lolote, akijivuta kwa kamba kwenda na kurudi. Mapafu yaleyale, shimo lilelile. Mita 5 tu!

Hakuna uchawi hapo. Pezi linasukuma maji, na maji hayatulii. Yanakimbilia nyuma na sehemu ya nguvu zako. Ndiyo maana pezi pana linalishinda jembamba: linasukuma maji mengi polepole badala ya machache kwa haraka. Kamba haikimbii, ukiivuta unasogea wewe. Kwangu mimi kamba ndiyo bingwa. Nipingeni.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, umesahau saa. Kujivuta kunachelewa, na moyo na ubongo vinakula oksijeni hata usipofanya kitu. Halafu ukishapita mita thelathini hivi, mapafu yamebanwa na mwili unazama wenyewe, hapo hapigi mtu pezi wala havuti kamba. Sasa hizo mita 5 zinapima nini hasa? Twende bwawani, kusikokuwa na kuzama, unaogelea mbele tu chini ya maji kwa pumzi moja. Turku, Finland, 2016: Mateusz Malina wa Poland alikwenda mita 244 kwa mikono na miguu mitupu, akaenda 300 kwa pezi moja. Kamba yako bwawani haipo.

Mwanzisha mada:
Kwenye saa umenibana. Ila 56 juu ya 244 haifiki hata robo, na watu wanalisifu pezi kana kwamba linakuongezea mapafu.

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu zangu, mimi nazamia pweza. Mwambani kamba nitafungiwa na nani? Na hilo pezi moja niliwahi kuazimwa na mgeni mmoja. Miguu yote miwili ndani, kama mbuzi aliyefungwa. Nikajipinda kuchungulia pango, ukingo ukakwaruza jiwe, mchanga ukatimka, pweza huyo kwaheri. Na kupanda ngalawani nalo usiniulize. Mapezi mawili, mguu mmoja unatulia, mwingine unakugeuza. Hesabu yangu mimi ni pweza wangapi wametungwa kiunoni maji yakijaa, mita sizijui.

Mwanzisha mada:
Kaka, umeniharibia mada vizuri kabisa. Haya, kwa maji ya mita 10 unavaa yapi, marefu ya kaboni au mafupi ya plastiki?

Mchangiaji wa tatu:
Kaboni nyepesi, inarudi kama upinde, lakini ikigonga jiwe siku moja tu imepasuka. Mafupi nayo unapiga mateke mengi, pumzi inaisha ungali chini. Mimi nina marefu ya plastiki, nimeyapunguza vidole vitatu mbele kwa msumeno. Miguu haichoki na pangoni nageuka.

Mchangiaji wa pili:
Vidole vitatu kwa pezi la urefu gani? Yangu yanagonga jiwe kila siku.