Mjadala: Binti aliyepata chuo tumchangie, au "apambane kama mwenzake"?

Wana Kigoma, na ndugu zetu wa Tabora, naomba tujadili hili bila kutukanana.

Kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja huku Kasulu, mgeni rasmi alinisimamisha mbele ya wanafunzi. Akawaambia: huyu dada yenu alisoma kwa kibatari, akalala njaa, leo ana digrii, asiyefika alipofika yeye ni mvivu. Watu wakapiga makofi. Baada ya wiki mbili wazazi wakakaa kikao kuhusu mfuko wa kuwavusha mabinti wanaopata chuo, yaani nauli na hela ya kuanzia. Hoja ikaangushwa kwa maneno yale yale: wapambane kama mwenzao. Mwenzao ndiyo mimi, na sikuulizwa.

Basi nasema hapa. Tulikuwa wasichana watatu kutoka kata yetu tuliofaulu kidato cha sita mwaka mmoja. Wenzangu wote wawili walinizidi alama. Wa kwanza alihitaji mdhamini wa fomu ya mkopo, baba yake alishafariki. Baba mdogo akakataa kutia sahihi, akihofia binti akiolewa deni litamwangukia yeye. Dirisha la maombi likafungwa. Wa pili alipata chuo na mkopo pia, akakosa hela ya kumfikisha Dar es Salaam na kumlisha mpaka boom litoke, yaani ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Akaenda Mwanza kufanya kazi za ndani, "mwaka mmoja tu nijikusanye." Sasa ana watoto watatu.

Mimi nilivuka kwa sababu mama, muuza mawese, alikopa kwenye kikoba chao, kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Mwalimu wangu mmoja wa kike alinidhamini. Nilipofika Dar, mama mmoja wa Kiha pale Manzese, ambaye hata undugu wetu sikuujua vizuri, alinipa pa kujishikiza wiki tano. Hao ndio walionifikisha. Shida ilinipa vidonda vya tumbo, na mwaka wa kwanza nilisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani, masomo mawili, moja likiwa kemia niliyokuwa nikiwafundisha wenzangu sekondari. Nililala kwa kubebana, kitanda kimoja watu wawili, nikawa nakula mara moja kwa siku. Mtu akisema njaa ile ilinijenga, naumia kweli kweli.

Angalieni pia pengo lilipo. Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu upo tangu 2005, nami umenisomesha. Lakini kati ya siku ya kupokea majibu ya chuo na siku ya boom la kwanza kuna wiki kadhaa ambazo hazina mwenyewe. Mabinti wetu wanaangukia humo.

Swali langu: tuchangie mfuko huo, au tuache?

Mzazi, Urambo
Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na nakupa pole. Mimi ni mkulima wa tumbaku, nina vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Mkubwa alipata chuo, malipo ya tumbaku yakachelewa, akaripoti wenzake wakiwa wameshakaa darasani mwezi mzima. Hakuna aliyemlilia. Mfuko ukiwa wa mabinti peke yao, mimi naona ni ubaguzi, na sitachangia.

Mhitimu, Ujiji
Dada, heshima yako, ila sikubaliani. Shida hukomaza. Ruth Simmons ni mwanamke mweusi wa Marekani, kitinda mimba wa watoto 12 wa wakulima maskini kule Texas, na mwaka 2001 akawa mweusi wa kwanza kuongoza kimojawapo cha vyuo vile vikongwe vinavyoitwa Ivy League, Chuo Kikuu cha Brown. Jirani zetu Kenya wana Wangari Maathai, binti wa kijijini Nyeri, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata udaktari wa falsafa, mwaka 1971. Wangebebwa wangefika?

Mleta mada
Kaka wa Ujiji, walibebwa. Simmons aliingia chuo cha Dillard, New Orleans, kwa ufadhili wa masomo. Wangari alikwenda Kansas mwaka 1960 na wale wanafunzi wa Kenya waliosafirishwa kwa ufadhili, na hata kuanza shule ya msingi, ni kaka yake aliyeuliza nyumbani mbona Wangari hasomi. Umewataja kama ushahidi wako, nami nawachukua wawe wangu. Akili na juhudi walikuwa nazo, kama walivyokuwa nazo wenzangu wawili wa kata yetu. Tofauti ni nani alikuwepo siku ya nauli.

Baba wa Urambo, shikamoo. Kijana wako aliumia, sibishi. Lakini kijana akichelewa mwaka anabeba mizigo sokoni, analala gheto na wenzake, mwakani anaomba tena na hakuna anayeshangaa. Binti akikaa nyumbani mwaka mmoja, posa inakuja, na wajomba wanahesabu. Au anaondoka bila kitu, na huko mjini wapo wanaume wanaomtambua kwa macho tu msichana asiye na hela ya kula.

Nchi hii iliwahi kuliona hilo. Azimio la Musoma la 1974 liliweka sharti la kufanya kazi kwanza, angalau miaka miwili, kabla ya kuingia chuo kikuu. Wasichana wakapungua chuoni, kwa kuwa miaka hiyo miwili iliwaozesha. Mwaka 1976 wakaondolewa sharti, waende moja kwa moja. Wavulana waliendelea nalo. Mimi ile siiiti upendeleo, kwa sababu kuchelewa kuliwagharimu wasichana zaidi.

Ila umenigusa, nami nabadilisha pendekezo langu: mfuko uwe wa wote, mabinti wahudumiwe kwanza, kinachobaki kiende kwa vijana. Na iwe mkopo usio na riba, urudi mtu akipata kazi. Ukiwa hivyo, utachangia?

Mzazi, Urambo
Marahaba. Hapo kwenye kurudisha tunaweza kuongea. Ila nani atashika hela? Tumeshaliwa sana.

Mleta mada
Kina mama wa vikoba washike. Sanduku la kikoba cha mama yangu lina kufuli tatu na funguo zake ziko nyumba tatu tofauti, na hesabu husomwa mbele ya wote kila wiki.

Kikao kijacho ni baada ya kuvuna maharage. Nataka nifike na karatasi yenye namba: nauli ya treni mpaka Dodoma na mpaka Dar, godoro, kodi ya chumba, chakula cha wiki sita. Mwenye mtoto aliyeripoti mwaka huu aniwekee hapa bei alizokutana nazo.