Nyufa ndogo ku meno ya mbele, nifanye nini isiongezeke?

Fiston_Katindo
Bandugu jambo. Juzi umeme ilikatika nikiwa mbele ya kioo, nikawasha torshi ya simu, nikaiweka ku upande wa mudomo, njo nikaona mistari tatu ku meno mbili za juu za mbele, inatoka juu inashuka chini kama ile inakuwaka ku kikombe ya zamani. Ukiangalia mu mwangaza ya kawaida hauoni kitu. Haiumi, nikipitisha kucha sisikii kitu. Sitabadanganya, tangu sekondari nafungulaka chupa ya bia ya Primus na meno, na bibi yangu (muke wangu) anasema usiku nasaga meno sawa mashini ya bunga. Sasa nifanye nini isikuwe kubwa? Niko na miaka 29 tu.

Tshukudu_Moja
Paka ndimu na makala ya kusaga kila asubuhi, itatoka. Mi nafanyaka vile, meno mweupe pe!

Dada_wa_Kabine
@Tshukudu mukubwa, pole, lakini usifundishe batu ile. Ndimu inalainisha lile ganda ya juu ya jino, kisha makala inakuja kulikwangua. Mweupe ya leo, kesho unapiga kelele juu ya maji baridi.

Fiston, mi natumika ku kabine ya meno, hiyo mistari tunaionaka kila siku, batu wengi wazima wako nayo na hawajui. Iko mu ganda ya juu tu. Ile ganda ni ngumu kupita mufupa lakini haina uhai ndani, ikipasuka haijirudishe yenyewe, njo maana kazi yako ni kuzuia tu. Jaribu hivi: rudisha ile torshi. Kama mwangaza inapita mustari na kutokea ngambo ingine, haina shida kubwa. Kama inasimama pale ku mustari na upande ule ingine unabakia giza, ufa imeenda ndani, kuja kwa dantisti. Vilevile kama ukiuma kitu inachoma pale unapoachilia, ao kama baridi inabakia kuuma murefu.

Sasa chupa. Kapsuli, kile kifuniko ya chupa, iko na meno yake 21 ya chuma, unaiweka ku ncha ya jino, kisha unavuta kwa kupinda. Meno ya mbele iko ya kukata, haina ya kupinda. Kuuma kucha, bic ya kuandika, uzi, sachet ya maji, yote iko kundi moja.

Na kusaga usiku njo mbaya zaidi, juu weye umelala haujui unafinya na nguvu gani. Omba dantisti akutengenezee gutiera, kifuniko ya kukinga meno, anachukua mufano ya meno yako, unavala kwa kulala. Muchana jichunge: mudomo imefungwa, meno hazigusani. Zinagusana tu wakati wa kula.

Mama_Bahati
Mi ya kwangu haikukuwa chupa, ilikuwa jiwe mu maharagi 😭 kipande kikatoka ku kona, nikakimeza na bugali. Tangu siku ile nachagulaka maharagi mbele ya mulango, ku jua, sahani mbili. Na mahindi ya kuchoma nakokola na vidole, siumi tena ku mbele. Chai ya moto na hapohapo soda ya frigo, ile nayo niliacha.

Muzee_wa_Sake
Watoto wangu, musichanganye. Huku kwetu batu wengi wako na madoa ya rangi ya kahawa ao mistari mweupe inalala ku meno, ile inatokana na fluori nyingi mu maji ya huku ku volkano, inaingia mutoto akiwa mudogo, jino ingali ndani ya ufizi. Ile haina ufa.

Fiston_Katindo
Aksanti dada, aksanti muzee. Nimejaribu torshi: mbili mwangaza inapita. Ya tatu, ile ya kushoto, naona giza kidogo, bibi yangu anasema ni kivuli ya kidole yangu 😅 Alhamisi naenda waangalie, na nitauliza ile gutiera. Dekapsuleri, ile ya kufungulia chupa, imeshafungwa ku funguo za pikipiki, bibi yangu njo ameifunga.

Dada_wa_Kabine
Usiweke kidole mu njia ya torshi tena. Na piga mswaki mbele ya kuja 🙏