MJADALA: Je, wahadhiri wa historia, lugha na falsafa wadaiwe ushahidi kwamba tafiti zao zinainufaisha jamii?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda. Naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Kila ikifika bajeti ya elimu ya juu swali linarudi lile lile. Anayetafiti mbegu za mahindi anaonyesha magunia. Wa taaluma za insia, yaani historia, lugha, falsafa na kadhalika, anaonyesha nini? Wapo wanaotaka tufuate Uingereza. Kule, tangu tathmini ya vyuo ya 2014 iitwayo REF, idara huandika visa vya kurasa chache kueleza utafiti wao umebadilisha nini nje ya chuo. Kipengele hicho kilikuwa na uzito wa asilimia 20, mwaka 2021 kikapanda hadi 25, na fedha za serikali hufuata alama.

Mimi naunga mkono ushahidi utafutwe. Ninachokipinga ni muda wanaoupima.

Chukueni Vita vya Majimaji, wazee wetu walipopigana na utawala wa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita ile ya 1905 hadi 1907. Walichosimuliwa kikapigwa taipu na kurudufiwa mwaka 1968. Kati ya walioibeba kazi hiyo walikuwa wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa. Gwassa akaendelea hadi tasnifu yake ya udaktari ya 1973, na ndiye aliyekadiria kwamba vita na njaa iliyofuata viliua watu kati ya 250,000 na 300,000. Wajerumani wenyewe walikuwa wamekadiria 75,000.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji pale Songea, akakutana na ukoo wa Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha. Kutoka 1968 hadi siku ile ni miaka 55. Kwa kanuni za REF ya 2014, utafiti wa kuanzia 1993 ndio uliokubalika. Kazi kama hii ya kwetu isingepata hata alama moja.

Je, tuige kipimo cha namna hiyo?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, lakini umechagua mfano unaokubeba. Tasnifu ngapi zimelala maktaba hazijafunguliwa tangu siku zilipojalidiwa? Ukituambia tusubiri miaka 55, umempa kila mvivu mahali pa kujificha.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Majimaji naifundisha kama orodha: sababu ni kodi, mashamba ya pamba, kazi za kulazimishwa, kushindwa ni silaha duni, na dawa ya maji haikuzuia risasi. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, basi. Hakuna sentensi hata moja ya mzee wa Umatumbi, vita ilikoanzia. Hizo simulizi za 1968 mbona hazijawahi kufika darasani kwangu? Kodi yangu inakatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Mchangiaji wa pili

Na mimi niulize gumu zaidi. Nani kasema Steinmeier aliletwa na Gwassa? Ukoo wa Mbano umekuwa ukililia fuvu la babu yao, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kumbukizi ya mashujaa inafanyika Songea kila Februari. Simulizi zimetunzwa majumbani, bibi kwa mjukuu. Chuo kisijitwalie jasho la familia.

Mleta mada

Wote mmenigusa. Naanza na wa pili: sidai kwamba chuo ndicho kilichomleta rais. Waliosukuma ni ukoo na watu wa Songea. Lakini ile idadi ya 300,000 inayotajwa leo hadi kwenye vyombo vya habari vya Ujerumani ina njia yake, na njia hiyo inafuatilika kutoka tasnifu hadi vitabuni, kutoka vitabuni hadi magazetini. Huo ni mchango, na mchango unaweza kuonyeshwa bila kumpora mtu. Kwenye kumbukumbu hiyo hiyo waandikwe wazee waliohojiwa, kwa majina kama wao au familia zao wameridhia.

Ndiyo maana nasema kazi ya kukusanya ushahidi isiwe ya mhadhiri peke yake. Yeye atastaafu, au atafariki, kabla mambo hayajaiva. Kila ndaki (kitengo kikuu cha chuo) ya insia iwe na mtunza kumbukumbu anayehifadhi barua za makumbusho zinazoomba ushauri, mihtasari ya masomo, kanda za vipindi vya redio, hotuba zilizonukuu utafiti. Faili likae, hata miaka 50.

Sasa Mwalimu. Umesema kweli na inauma. Mhadhiri tusimdai mabadiliko ya jamii ndani ya miaka mitatu, kwa sababu atatuandikia chumvi. Tumdai kilicho mikononi mwake: ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, nakala ya Kiswahili iwe imefika kijiji alikohoji na shule za sekondari za wilaya ile. Hilo linakaguliwa kwa sahihi ya mpokeaji.

Mchangiaji wa kwanza

La nakala nakubali kabisa, hata kesho. La mtunza kumbukumbu nina shaka: mshahara wake unatoka wapi?

Mleta mada

Kwenye ruzuku zenyewe, Mwalimu. Fungu lake na la kutafsiri na kuchapa nakala yakatwe siku mkataba unaposainiwa, kabla mtu hajapanda basi kwenda kuhoji. Yakiachwa mwishoni, pesa itakuwa imeshaishia kwenye posho na mafuta ya gari.