Kampuni ya utalii inafilisiwa Arusha, sisi tuliouza mali kauli hatuitwi hata kwenye mkutano!

Wakuu, nimeandika huu uzi nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna kampuni ya utalii hapa mjini, jina naliacha kwa kuwa shauri liko mahakamani. Wengi wetu wa Tengeru na Soko la Kilombero tuliipelekea viazi, vitunguu, kuku na mayai ya kambi zake. Mali kauli, malipo mwisho wa mwezi. Masika yalipoingia malipo yakasimama, tukaambiwa tusubiri wageni wa Julai. Wageni wakaja, magari tuliyaona yakielekea Karatu yamejaa, hela hatukuiona. Kumbe kuna mdai mwenzetu alishawapa notisi ya siku 21, wakakaa kimya, akaenda Mahakama Kuu kuomba kampuni ifilisiwe. Amri ikatoka, mfilisi akateuliwa, yaani mtu wa kukusanya mali ya kampuni na kuwalipa wadai.

Sisi tulijuaje? Tuliambiwa na dereva wao! Tangazo lilitoka kwenye Gazeti la Serikali na gazeti moja la Kiingereza. Mama anayeshusha nyanya Tengeru alfajiri, hilo Gazeti la Serikali analisomea wapi? Namba zetu walikuwa nazo, walipokosa kuku walitupigia hata saa nne usiku. Vitabu vya hesabu vyenye majina yetu viko mezani kwa mfilisi. Alishindwa nini kututumia meseji moja?

Tulipomfuata ofisini, kijana wake akatujibu, "Nyie ni wadai wa kawaida, subirini."

Foleni ya kulipwa tunaijua. Benki ina dhamana, inachukua chake pembeni. Zinafuata gharama za ufilisi, na malipo ya mfilisi mwenyewe yamo humo. Halafu kodi za serikali na mishahara, tena mishahara inayopewa kipaumbele ni ya miezi minne tu kabla ya ufilisi. Wapishi wa kambini waliofanya kazi zaidi ya nusu mwaka bila kulipwa, iliyobaki wataidai huku nyuma pamoja na sisi. Baada yetu ni wenye hisa tu.

Kuwa nyuma nakubali, benki ilichukua hati na sisi tulichukua neno la mtu. Nisichokubali ni kufanywa kama hatupo. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka wadai waitwe mkutano, waseme wanamtaka nani awe mfilisi na kama iundwe kamati ya ukaguzi ya kumwangalia. Haijasema wadai wenye benki na mawakili. Imesema wadai!

Mwenzetu wa Usa River alikwenda kufungua kesi ya madai peke yake, akarudishwa. Amri ya kufilisi ikishatoka huwezi kuishtaki kampuni bila ruhusa ya Mahakama. Sababu naielewa, kila mtu asije akakimbilia kunyakua chake. Lakini Mahakama ikishatuzuia tusijitafutie haki wenyewe, basi ina wajibu wa kumuuliza mfilisi: wadai wote umewapata? Mkutano umeitisha lini? Jaji anaona kilichowekwa mbele yake, na mpaka leo kilichowekwa mbele yake ni karatasi za benki na za mfilisi.

Na hiyo dhamana ya benki imehakikiwa? Dhamana ya kampuni isiposajiliwa BRELA, kwa msajili wa makampuni, ndani ya siku 42 haina nguvu mbele ya mfilisi na wadai wengine. Nilimuuliza mfilisi, akaniambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Nikamuuliza kuhusu Land Cruiser za kampuni ambazo sasa zinabeba wageni zikiwa na nembo nyingine, akaangalia simu yake. Mali iliyohamishwa kumpendelea mtu wakati kampuni inazama, mfilisi ana uwezo wa kuiomba Mahakama irudishwe. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa, tena anatangulia kulipwa kabla yetu!

Sasa sikilizeni. Wadai wenye moja ya kumi ya thamani ya madeni wakiandika barua, mfilisi hana hiari, lazima aitishe mkutano. Akikaidi, mdai yeyote aliyeumizwa na uamuzi wake anaweza kwenda Mahakamani kumlalamikia. Kama uliiuzia kampuni hii chakula, mafuta au matairi, au uliwafulia mashuka, njoo PM na noti za kupokelea mzigo na meseji za oda, tujumlishe tuone tumefika wapi. Wapishi na madereva nanyi njooni.

Mawakili mliomo humu: nani atatuandalia hati za kiapo za kuthibitisha madeni kwa bei ambayo mtu wa sokoni anaimudu? Tunataka kuziwasilisha wiki hii.